Kizingiti cha Gitel

Asubuhi ile Perla Zilber alikula mkate na samaki wa siki peke yake, akapanda basi peke yake, akaweka mkoba kwenye kiti cha pili ili kisionekane kitupu. Wenzake wa Melbourne walikuwa wamekuja Poland wawili wawili, mume na mke, mama na binti, kutafuta mitaa na makaburi ya wazee wao. Tangu Warsaw walikuwa wanapiga picha na kulia kwa zamu. Perla hakuwa na bega la kulilia. Mumewe alishatangulia, na mtoto hawakujaliwa.

"Perla, mkoba huo umeukatia tiketi?" Mendel, kiongozi wa msafara, alimtania. "Au unamwekea bwana harusi nafasi?"

Basi zima likacheka. Perla naye akacheka, ingawa ilimuuma.

Walishuka Zalesin, kamji kasafi, maua madirishani, sinagogi limegeuzwa ghala la makochi. Perla alikuwa na jambo moja tu pale. Wakati wa vita, Wayahudi walipokuwa wakisakwa, mama yake, akiwa msichana, alitoroka kwenye nyumba iliyo nyuma ya kinu cha kusagia ngano, akamwacha mdogo wake Gitel kizingitini. "Kaa hapa, nitarudi," alimwambia. Hakurudi. Alizeeka na kufa akiyarudia maneno hayo. Perla alitaka kusimama kwenye kizingiti hicho amwombee mama yake msamaha, basi.

Aliikuta nyumba tupu, mlango haukufungwa. Kwenye mwimo wa mlango, upande wa kulia, chini ya rangi, palikuwa na kishimo cha mshazari, mahali ilipokuwa mezuza, kile kijaluba chenye maneno ya Mungu kinachopigiliwa milangoni mwa Wayahudi. Gitel alikuwa haifikii, mama alisimulia; akinyanyuliwa ndipo aiguse. Mkono wa Perla ulipanda wenyewe kwa mazoea. Akagusa kishimo, akabusu vidole, kama mtu anayeingia kwake. Akaingia.

Ndani baridi. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Jiko halikuwepo.

"Umerudi?"

Sauti ya mtoto. Kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa huko, ambayo Perla hakuisikia tena tangu amzike mama yake. Ilitoka nyuma yake, chini, karibu na goti.

Alipaswa kusema: mimi siye, ila msamehe dada yako. Hayo ndiyo aliyoyafuata kutoka upande wa pili wa dunia. Lakini nani mwingine aliwahi kumsubiri Perla mlangoni?

"Nimerudi," alinong'ona.

Kitu kidogo kikashika pindo la koti lake.

Waliporudi ndani ya basi, Shoshi, mkewe Mendel, alimhurumia akamfuata. "Nikae na wewe, shoga?" Alianza kuinama kukaa, mara akaruka. "Samahani. Sikujua kuna mtu." Akarudi kwa mumewe. Mkoba wa Perla ulikuwa sakafuni.

Ijumaa, hotelini, kabla jua halijazama, Perla aliwasha mishumaa miwili ya Sabato, akafunika macho kwa viganja, akaomba. Alipofumbua, ilikuwa inawaka mitatu. Mama yake aliongeza mmoja kwa kila mtoto wa nyumba.

Aliporudi kwake Melbourne alikuta kigoda cha jikoni chini ya mezuza ya mlango wake. Akakirudisha. Kesho yake kilikuwa pale tena. Kwenye rangi nyeupe ya mwimo, alama za vidole. Vidogo mno. Perla hakuzifuta. Kusema kweli alifurahi. Alianza kupika kwa watu wawili, akizungumza Kiyidi tangu asubuhi.

Kisha alama zikaanza kupanda. Zikafika kiunoni. Zikafika begani. Kigoda kikaacha kuhama.

"Anakua," Perla alimwambia jirani yake, Hinda, aliyemletea supu.

Hinda hakumsikia. Alikuwa anaitazama sketi ya Perla inavyoburuta sakafuni. "Perla mpenzi, mbona umepungua hivi? Unakula kweli?"

"Nakula."

Siku moja Perla alitaka kwenda dukani. Akainua mkono kugusa mezuza, kama alivyofanya miaka yote. Vidole vikaishia kwenye rangi. Akasimama kwa ncha za miguu. Hakufika.

Akageuka kufuata kigoda. Kilikuwa tayari miguuni pake.

Koti lake lilikuwa linatoka mlangoni. Lilimkaa sawasawa yule aliyelivaa.

"Kaa hapa," ilisema sauti ya msichana mkubwa. "Nitarudi."

Hinda alikuta mlango wazi, supu aliyomletea jana haijaguswa. Perla hakuonekana tena. Nyumba iliuzwa. Wenyeji wapya wameupaka mwimo ule rangi mara nyingi, na alama za vidole zinarudi. Ni ndogo, ziko chini, karibu na goti. Na kila asubuhi kigoda cha jikoni wanakikuta mlangoni.