Kreti Moja Kutoka Karungu

Ijumaa hiyo ya Julai 1996, foleni ya simu nje ya posta ya Migori ilikuwa imefika hadi kwa wauza mitumba. Aliyeshika simu alikuwa Bhoke Matiko, binti wa Kegonga, gauni la njano lenye kola nyeupe, nywele zimesukwa mistari. Kwapani alibana faili lenye barua saba za viwanda saba, na zote zilisema pole, hatuna nafasi.

Chuo kikuu chake kilikuwa kimeamua, katika mkutano ambao hakualikwa hata mwenye kiwanda mmoja, kwamba mwanafunzi wa sayansi ya vyakula lazima afanye kazi kiwandani wiki kumi na mbili, na msimamizi wa huko ampe alama. Asiye na alama hizo hapati digrii. Kuamua ni rahisi, bwana. Kuvitafuta hivyo viwanda waliachiwa akina Bhoke.

"Naomba kuongea na Bwana Zadock Ouko, idara ya ubora," alisema kwenye simu.

"Hayuko. Ameenda Migori," alijibu sekretari wa kiwanda cha samaki cha Homa Bay, akakata.

"Lo! Hata huyu amenikimbia!"

"Hajakukimbia, dada," sauti ilisema nyuma yake. "Yuko hapa kwa foleni, anangoja umalize."

Bhoke aligeuka. Kijana mrefu, shati la mirabamiraba, kalamu mbili mfukoni.

"Wewe ndiye Zadock? Usinichezee."

"Niko na kitambulisho. Nitoe?"

"Toa."

Akatoa. Foleni nzima ilicheka. Bhoke alisoma jina polepole, akamrudishia pamoja na barua ya chuo. "Basi soma na hii."

Wiki mbili baadaye Bhoke alikuwa Homa Bay, ndani ya koti jeupe na gambuti zilizomzidi miguu. Kazi yake ilikuwa mlangoni, pale malori yaliposhusha mbuta kutoka ufuoni. Alidunga themometa kwenye nyama nene ya samaki, akasoma. Ikipita nyuzi tano, kreti inarudi. Kila Ijumaa Zadock alisoma daftari lake la mafunzo, akatia sahihi.

"Nyar Kuria, binti wa Kikuria, kwenu mnakula mbuta?" Zadock alimuuliza siku moja wakinywa chai.

"Kwetu tunakula nyama. Samaki ni wa watu wasio na ng'ombe."

"Sasa ukiolewa huku utakula nini?"

"Nani amekuambia naolewa huku?"

Alisema hivyo, lakini usiku ule hakulala vizuri. Alimpenda. Alipenda jinsi alivyowasikiliza wapakuzi wa samaki kama anavyomsikiliza meneja, na jinsi alivyomkosoa bila kumdharau. Jumapili ya wiki ya kumi, walipotoka kanisani wakatembea hadi gatini, Zadock alimshika mkono.

"Nakupenda, Bhoke. Sijui kulisema kwa njia nyingine."

"Basi liseme tena hivyo hivyo."

Akalisema tena.

Ijumaa iliyofuata Zadock hakutia sahihi. Alilifunga daftari na kusema, "Nitakueleza kesho." Kesho yake hakuonekana, na Jumatatu Bhoke aliambiwa kwamba amehamishiwa ufuo wa Karungu kusimamia ununuzi wa samaki. Daftari lilikuwa mezani kwa meneja, Bwana Mayaka, mtu wa maneno machache na yote makavu.

"Zadock amesema hawezi kukupa alama," alisema Mayaka mbele ya kina mama wakata minofu. "Nitakupa mimi."

Bhoke alitamani sakafu ipasuke. Jumapili ananipenda, Ijumaa kazi yangu haifai? Na huyu Mayaka hajawahi hata kuniona nikishika themometa! Miaka yake mitatu ya chuo sasa ilikuwa mikononi mwa mtu asiyemjua.

Zadock alipiga simu dukani kwa Mellen, mama aliyempangisha Bhoke chumba cha nyuma.

"Bhoke, simu! Yule wako wa Karungu!"

"Mwambie nimelala."

"Saa kumi na moja jioni?"

"Basi mwambie nimekufa."

Mellen alinong'ona kidogo kwenye simu, akarudi. "Amesema pole kwa msiba, atapiga kesho." Bhoke alikaribia kucheka, akajizuia. Kesho yake pia hakupokea.

Wiki ya mwisho alifika mhadhiri wake, Daktari Ombui, kumtathmini. Mayaka alikiri kwamba hajui kazi ya binti huyu, kwa hivyo wakakubaliana wamtazame wote wawili. Lori la kwanza asubuhi ile lilitoka Karungu, na karatasi yake ilikuwa na sahihi ya Zadock.

Bhoke alitamani samaki wote wawe wabovu, akaona aibu kwa kutamani hivyo. Alidunga kreti baada ya kreti. Nyuzi tatu. Tatu. Nne. Ile ya mwisho, tisa.

"Hii inarudi," alisema.

"Hiyo imepitishwa na Zadock," Mayaka alimjaribu.

"Themometa haimjui Zadock, bwana."

Mayaka alimwita Zadock kwa redio aje aeleze kreti yake. Kisha wakaingia ofisini wote watatu, Mayaka akajaza fomu ya alama. Daktari Ombui alizisoma zile alama, akatikisa kichwa kwa furaha. "Umepita, tena vizuri. Lakini mbona msimamizi alibadilishwa?"

Mayaka alifungua droo, akatoa barua. "Aliandika hii. Mambo ya watu wawili, mimi sikutaka kuyatangaza."

Bhoke aliisoma akiwa amesimama.

*Siwezi kumpa Bi. Bhoke alama kwa haki, kwa sababu nampenda na ninataka kumuoa. Kazi yake ni nzuri. Apimwe na mtu mwingine, asije akaambiwa digrii yake ilitoka moyoni mwangu.*

Akakaa. Machozi yalimtoka, hakuyaficha.

"Sheria zetu hazina kifungu cha jambo hili," alisema Daktari Ombui. "Barua hii nitaipeleka kwenye kamati, waweke kifungu. Majina nitayafuta."

Bhoke alikimbia hadi kwa Mellen na gambuti zake miguuni, akapiga Karungu, labda bado hajaondoka.

"Hayuko. Ameenda Homa Bay," karani alimjibu.

Aligeuka haraka. Nyuma yake alikuwepo mama mmoja tu, na mtungi wa mafuta ya taa. Bhoke alijicheka, akaketi kwenye benchi la duka kungoja. Saa tisa Zadock alitokea, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Umenirudishia kreti," alisema.

"Ilikuwa na joto."

"Najua. Barafu ilipungua, nikaipitisha kwa kukisia. Kosa langu." Alisimama mbali kidogo. "Jumamosi ile Mayaka alinituma alfajiri. Nilidhani atakuonyesha barua."

"Ameonyesha leo. Zadock, mwalimu wangu anajua unataka kunioa, meneja anajua, na karibuni kamati ya chuo itajua. Mimi ndiye sijaulizwa."

Zadock alivua kofia. Mellen aliacha kupima sukari.

"Bhoke, utakubali tuoane?"

"Nimalize chuo kwanza."

"Nitangoja."

"Na uende Kegonga ukaongee na baba."

"Nitaenda."

Bhoke alisogea, akampa nafasi kwenye benchi. "Basi nimekubali," alisema. "Ila barua ya pili, uniandikie mimi."