Teke la Punda na Bega la Fundi

Ndugu zangu na majirani, kaeni niwaambie jambo lililotokea nyumbani kwa dada yangu. Sitalipamba, wala sitajitoa lawamani, kwa sababu mimi mwenyewe nimo ndani yake hadi shingoni.

Dada yangu ni mkunga. Mume wake ni fundi saa, mtu mwembamba na mpole ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Dakika. Kila asubuhi kabla ya chai, shemeji alizungukia saa zake za ukutani akizitia ufunguo moja baada ya nyingine. Ya mwisho haikuwa ukutani. Dada alinyoosha mkono mezani, naye akaijaza saa ya mkewe kwa vidole viwili, taratibu, bila kuivua. Saa hiyo alimpa siku ya harusi yao, na kwa mshale wake wa sekunde Dada alihesabu mapigo ya moyo ya akina mama waliokuja kujifungua.

"Imeshiba?" Dada huuliza.

"Imeshiba mpaka kesho."

Kwa miaka kumi na tisa walisema maneno hayohayo, na hakuna aliyeyachoka. Mimi nilikuwa nikienda pale kunywa chai na kuwacheka, huku moyoni nikiwaonea wivu.

Kazi yangu ni kutunza silaha kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Wanachama huja Jumamosi, hulenga, hunywa chai, huongopeana, kisha hurudi makwao. Tuna bunduki za kila namna, lakini moja ilikuwa na jina lake: Punda. Ni bunduki ya zamani, nzito, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama wakubwa, na ukifyatua inakurudia begani kwa nguvu ya ajabu. Nyuma ya kitako chake kulikuwa na kipande kinene cha mpira cha kupunguza hilo teke.

Mwanachama mmoja tuliyemwita Mwamba, msimamizi wa ghala, ndiye aliyeuanza upuuzi. "Punda gani analala na godoro?" aliniambia mbele ya watu. "Litoe hilo, tuone wanaume." Watu wakacheka. Nami, badala ya kutumia akili niliyoajiriwa nayo, nikachukua bisibisi nikautoa ule mpira.

Hapo ikazaliwa desturi yetu. Tulichora mstari wa chaki chini. Anayefyatua Punda mara mbili bila kisigino kurudi nyuma, na bila kulisugua bega, anapigiwa makofi. Anayeshindwa anaosha vikombe vya wote. Mwamba hakuwahi kuosha hata kijiko. Alisimama na koti lake zito, ambalo hakulivua hata jua likichoma, akafyatua, akatabasamu. Sisi tukamwona chuma.

Jumamosi moja nilimwita shemeji aje kuitazama saa ya chumba chetu cha chai, iliyokuwa imesimama. Mwamba alipomwona na kibano chake na vibisibisi vyake, akasema, "Huyu mwenye mikono ya kutarizi, Punda atamrudisha kwake kwa njia ya hewa."

Watu walicheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti. Shemeji aliweka vyombo vyake mezani, akavipanga vizuri, akasema, "Nipe hiyo bunduki, shem."

Nilipaswa kukataa. Nilimpa.

Alifyatua mara mbili. Uso ulimgeuka rangi, lakini visigino havikusogea. Kelele zilizopigwa zilisikika hadi barabarani, na papo hapo wakambadilisha jina, wakamwita Fundi Radi. Msimcheke, ndugu zangu. Mtu huyu alikuwa ametengeneza saa maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumpigia makofi kwa sababu saa yake imesema kweli. Sifa zilimwingia kama chai ya moto siku ya baridi, akazitaka tena.

Alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Mara mbili zikawa nne, nne zikawa sita.

Nyumbani mambo yakaanza kupinda kidogo kidogo. Alilalia upande wa kushoto tu. Mfuko wa dada wa kliniki, ambao alikuwa akiupokea mlangoni kwa mkono wa kulia, akawa anaupokea kwa mkono wa kushoto. Asubuhi moja Dada alimshika bega akimpita kwenda jikoni, mtu mzima akaruka na kikombe.

"Una nini begani?"

"Mlango ulinigonga."

"Wiki iliyopita pia ulisema mlango."

"Ni mlango uleule."

"Mlango gani huo, mume wangu, unaogonga kila Jumamosi?"

Shemeji akanywa chai yake, akaisifu. Dada alinitazama, nami nikatazama mkate. Nilijua kila kitu. Nilijikaza kisabuni na kunyamaza, maana nilijiambia kwamba mambo ya wanaume hayasemwi mezani. Huo ndio ulikuwa uongo wangu, na haukuwa mdogo kuliko wake.

Bega lingepona. Kilichoharibika zaidi hakikuwa begani. Siku moja saa ya Dada ilianza kuchelewa, shemeji akaivua ili aisafishe. Alikaa kwenye benchi lake dukani, akaweka kioo cha kukuzia jichoni, akashika pumzi kama wafanyavyo mafundi saa wote, akapeleka kibano kwenye ile springi nyembamba kama unywele. Mara macho yakajifumba yenyewe, bega likajikaza, mkono ukaruka. Springi ikapinda.

Saa ya aina hiyo haitengenezwi tena popote, na springi yake haiuzwi. Ilibidi ainyooshe kwa mkono, pindo baada ya pindo. Alijaribu tena, mkono ukaruka tena. Akaifunika saa kwa bilauri, akaenda nyumbani kudanganya kwa mara nyingine. "Kuna kifaa nasubiri," alisema.

Dada alisubiri wiki tatu. Kliniki akawa anahesabia mapigo kwa saa kubwa ya mezani, aliyoibeba ndani ya mfuko wake wa kliniki. Siku moja ilipiga kengele mama akiwa anasukuma, na mtoto akazaliwa, Dada anasema, akiwa ameshaamshwa kabisa. Alitusimulia akicheka. Shemeji hakucheka.

Siku iliyofuata Dada alipita dukani bila kutoa taarifa. Alisimama mlangoni, mumewe asimwone. Alimwona akiweka kioo jichoni, akishika pumzi, na kufumba macho kabla hajagusa kitu. Alimwona akiruka. Alimwona akiweka kibano chini na kujifunika uso kwa mikono.

Aliingia, akakaa kwenye kiti cha wateja. "Vua shati," alisema, kwa sauti anayoitumia kliniki, ambayo hata wanaume wanaoleta wake zao huitii.

Bega lilikuwa jeusi na njano, alama mpya juu ya za zamani. Dada alilipapasa kwa ncha za vidole.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nimeshindwa kusimama mbele ya kitako cha mbao?" "Bega si kitu. Ni kwamba kila nikiweka jicho na kushika pumzi, mwili unangoja teke. Najua hakuna teke. Ninajua! Lakini mwili haujui. Nimeiharibu saa yako, na sijui kama nitatengeneza nyingine tena."

Alilia. Dada naye alilia, kwa huruma na kwa hasira, kisha akajifuta kwa kanga ya begani. "Mficha uchi hazai," alisema. "Kila siku nawaambia akina mama hivyo, kumbe nimefuga mficha uchi nyumbani. Vaa shati. Twende."

Walikuja moja kwa moja kwangu. Sitarudia yote niliyoambiwa na dada yangu siku ile, ila niseme tu kwamba nilistahili kila neno, hata yale yaliyomgusa mpaka marehemu babu yetu aliyekuwa mbishi. Akili iliponirudia, nikawapeleka kwa Mkufunzi, mwanajeshi mstaafu, mama mwenye miwani, anayefundisha wageni siku za Jumapili.

Mkufunzi hakushangaa hata kidogo. "Mwili ukipigwa unajifunza," alisema. "Si woga, ni elimu mbaya. Sasa tutaufundisha upya."

Alitoa bunduki ndogo kabisa, akaifungua, akamwonyesha kwamba ni tupu, kisha akamwonyesha tena. Akamwomba gurudumu dogo la saa, akaliweka juu ya mtutu. "Fyatua. Likianguka, hujapona."

Lilianguka. Lilianguka siku ile yote, na siku nyingi zilizofuata. Shemeji alikuja kila jioni baada ya kufunga duka, mimi nikimwokotea gurudumu sakafuni. Siku lilipobaki juu ya mtutu mara ishirini mfululizo, nilipiga makofi peke yangu mpaka viganja vikauma.

Ikaja Jumamosi. Mwamba alimwona shemeji akaita, "Radi! Punda anakuuliza!"

Shemeji aliingia chumba cha chai, akakunja mikono ya shati, akaanza kukusanya vikombe. "Leo naosha mimi," alisema. "Niliposimama kwenye mstari nilikuwa nimeumia. Siku zote niliumia. Nilimdanganya mke wangu, na nusura nipoteze kazi yangu. Bunduki hiyo inaniuma, na sioni tena haya kusema."

Nilidhani watacheka. Badala yake mwalimu mmoja wa hesabu akanyanyuka, akachukua kitambaa cha kufutia vikombe. "Mimi tangu mwaka jana siwezi kuinua mkono kuandika sehemu ya juu ya ubao," alisema. Mwingine akasimama, na mwingine. Ndani ya dakika chache waosha vikombe walikuwa wengi kuliko vikombe.

Alibaki Mwamba, na koti lake, na jasho lake. Watu wote walikuwa wakimtazama. Alifungua kifungo kimoja, cha pili, akaingiza mkono ndani ya bega la koti, akatoa taulo. Lilikuwa taulo zima la kuogea, limekunjwa mara nne na kushonewa kamba.

"Mke wangu ndiye aliyelishona," alisema kwa sauti ndogo. "Alisema kama ni lazima nionekane mjinga, nisionekane mjinga aliyevunjika."

Tulicheka mpaka tukashikilia meza, na yeye akacheka kuliko wote, kama mtu aliyetua mzigo. Nilienda kabatini, nikatoa ule mpira wa kitako na bisibisi ileile, nikaurudisha mahali pake kwenye Punda. Desturi ya mstari ilikufa siku ile. Mkufunzi, aliyekuwa amekuja kutuangalia, aliufuta mstari wenyewe kwa maji ya vikombe.

Wiki mbili baadaye nilienda kwa dada kunywa chai. Shemeji alizungukia saa za ukutani hadi ya mwisho. Dada akanyoosha mkono. Saa ilikuwapo, inatembea, na shemeji akaijaza kwa mkono wa kulia.

"Imeshiba?"

"Imeshiba mpaka kesho."

Safari hii sikuwacheka. Nilimimina chai nyingine, nikanywa taratibu.

FUNZO

Ndugu zangu, silaha nzito ina kazi yake na ina watu wake, na mpira wa kitakoni haukuwekwa kwa bahati mbaya. Usimchochee mwenzako abebe kishindo ambacho wewe mwenyewe umekitilia taulo. Na wewe uliyeumia, sema mapema, sema nyumbani, maana mficha maradhi huumbuliwa. Makofi ya watu huisha kabla chai haijapoa, lakini teke ulilolinyamazia utakwenda nalo kazini, na siku moja litaruka mbele ya kitu unachokipenda. Nasi tunaosimama pembeni tukicheka, tukumbuke kwamba bisibisi imo mikononi mwetu.