Bafle ya Hippolyte

Rafiki yangu Hippolyte anauza bafle kuukuu, spika za muziki, hapa Kalemie. Moja, karatasi yake ya ndani inayotoa sauti ilikuwa imechanika. Akaibandika kwa gundi, akaipaka rangi nyeusi ya viatu. Nilimkataza, akanicheka.

“Haijachanika, Papa?” Mama Falone, aliyekuja kununua, akamuuliza.

“Hata kidogo, Mama. Iko nzima!”

Akaiwasha ili mama asikie. Ndani akasikika mtu anapigwa vibaya, na kilio kilikuwa cha Hippolyte mwenyewe. Akachomoa waya, kipigo kikaendelea. Akashika panga, akaikatakata ile karatasi mpaka bafle ikanyamaza.

Mama Falone akapiga kelele: shavu la Hippolyte lilikuwa limechanika mpaka mfupa.

Nilikimbia kutafuta kitambaa. Niliporudi, hakuna aliyekuwa amemgusa, lakini kidonda kilikuwa kimeshabandikwa gundi na kupakwa rangi ya viatu.