Mzigo wa Mawe kwa Mwalimu Rosine

Mtaa wa Birere ulijaa asubuhi ile, Corona au hapana. Motari wa pikipiki walikuwa wanapiga honi, mama wa nyanya anagombana na mama wa vitunguu, barakoa zote ziko chini ya kidevu, na mbele ya duka la plastiki ilikuwa imebaki ndoo moja tu yenye robine, bomba dogo la kunawia. Mikono miwili iliishika kwa wakati mmoja, wa mwanamke upande huu, wa mwanaume upande ule.

"Papa, hii ndoo ni yangu."

"Mama, miye niko nimeishika mbele yako."

"Weye umeshika robine. Mwenye ndoo ni ule anashika kitako."

Mwanaume akacheka, miwani yake ikajaa ukungu wa pumzi, akabaki haoni kitu. Alipoivua na kuifuta kwa pindo la shati, mwanamke alipata nafasi ya kumtazama vizuri. Shati lilikuwa jeupe, limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, na viatu vilimetameta juu ya vumbi jeusi la Goma. Macho yalikuwa ya kucheka. Mwanamke mwenyewe alivaa gauni la kitenge cha njano na barakoa ya kitenge hicho hicho, na mwanaume alipoirudisha miwani usoni alisahau kabisa habari ya ndoo.

"Unataka kunawisha nani?" akauliza.

"Batoto bangu ba darasa la sita, kule Mapendo. Masomo inafunguka, na bila ndoo kwa kila mulango, watu wa hygiène, bale ba usafi, batatufungia."

"Ni babaya namna hiyo?"

"Nasikia banatembea na sura kama batu banameza dawa ya minyoo."

"Basi chukua. Lakini nipe namba yako, nijue kama ndoo imefika salama."

"Ndoo haina simu."

"Ndiyo maana naomba ya kwako."

Akampa. Msiniulize kwa nini. Mwanamke aliyefungiwa nyumbani miezi mingi na mama yake mzazi, kisha akakutana na mtu wa kumjibu neno kwa neno, atatoa namba.

Jina lake ni Rosine Uwimbabazi, na siku mbili baadaye alitamani ardhi ipasuke. Direkta Edmond, mkuu wa shule, aliingia darasani akimwongoza mtu wa hygiène, yule mwenye kuamua kama shule itafunguliwa. Alikuwa na shati jeupe na miwani ya ukungu.

"Bonjour, mwalimu," akasema Édouard Musubaho. "Niko natafuta mutu mwenye sura ya dawa ya minyoo. Hajapita hapa?"

Direkta hakuelewa kitu. Rosine alijificha nyuma ya barakoa na kuishukuru Corona kwa mara ya kwanza.

Utani uliisha walipofika jikoni. Ndoo zilipendeza, madirisha yalipendeza, madawati yalikuwa yametenganishwa. Lakini Édouard aliitazama ile sufuria kubwa ya uji, akatazama mlango mwembamba ambapo watoto walizoea kusukumana na vikombe, akatikisa kichwa.

"Masomo itafunguka. Uji utasimama."

"Haujue unasema nini," Rosine akamwambia. "Batoto ba hapa banakuja ju ya huu uji. Ukifunga sufuria, mutoto wa kike anatumwa kuuza samaki sambaza kule soko ya Kituku, na ule wa kiume anaenda kusukuma mizigo kwa chukudu. Hapo umefunga masomo yote, na mitihani yabo pia."

"Bakisukumana hapa, mumoja akiwa na ugonjwa, batoto bote banaupeleka kwa bazee babo. Nitafanya je? Nitafutie njia basi."

"Itafute na weye. Weye njo unalipwa."

"Sawa," akajibu. "Tutaitafuta wote wawili."

Ndivyo ilivyoanza. Asubuhi simu inalia: "Chérie, umeamka? Nimewaza, tupe kila darasa saa yake." "Darasa la kwanza batalia mupaka batapasua sufuria, mupenzi wangu. Waza tena." Jioni inalia tena, na habari ya uji inageuka kuwa habari ya macho, na ya sauti, na ya nani alimwota nani. Mama Pascasie, mamake Rosine, alianza kuuliza kama siku hizi uji unapikwa kwa simu.

Jumamosi moja wakashuka Kituku, kando ya ziwa, kununua samaki. Rosine alivaa viatu vyekundu visivyofaa kabisa kwa mawe ya volkeno, na alikuwa anaeleza jinsi babake, Muzee Twagirimana, alivyokubali kumpokea mgeni Jumapili. Akageuka. Édouard alikuwa anawaangalia kina mama wanaongoja maji. Hakuna hata mmoja aliyesimama kwenye foleni. Kila mama alikuwa ameweka jiwe lake kushika nafasi, akaenda kukaa kivulini, na hakuna aliyethubutu kugusa jiwe la mwenzake.

"Édouard, nakuambia habari ya papa, weye unaangalia mawe."

"Nimesikia, chérie. Jumapili. Nitakuja."

Jumapili ikafika. Kwa Muzee Twagirimana, mtu wa Rutshuru, mgeni hapewi mkono. Anakumbatiwa mpaka ajue amepokelewa. Kisha kinaletwa kibuyu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, na mrija mmoja. Mwenye nyumba anaonja kwanza ili mgeni aone hakuna sumu, kisha mrija unapita kwa mgeni. Hapa kwetu watu wanaogopana kwa sumu, kila mtu anajua. Kukataa mrija ni kumwambia mwenye nyumba wewe ni muuaji.

Édouard, mzaliwa wa Butembo, alifika langoni na suti ya buluu, simu ikatetemeka mfukoni. Akasikiliza. Alipoingia hakuwa tena mtu yule. Muzee akafungua mikono. Édouard akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Munisamehe, papa."

Muzee akashusha mikono polepole. Akaketi, akaonja kasiksi, akamnyooshea mrija.

"Munisamehe, papa. Siwezi."

Édouard akamtazama Rosine, akatoka, akaondoka haraka.

"Mwana wa Butembo," Muzee akasema taratibu. "Anawaza sisi batu ba Rutshuru tutamuua. Huyu asirudi hapa."

Rosine alimpigia akiwa analia kwa hasira. "Papa yangu ni muuaji?"

"Hapana, Rosine. Nakuapia."

"Basi ilikuwa nini? Sema."

"Siwezi kusema sasa. Niamini kidogo."

"Wasiwasi wako ukae nao. Usinipigie tena."

Sasa niwaambie kile Rosine hakukijua. Simu ya langoni ilisema kwamba mwalimu mmoja wa Birere, ambaye Édouard alikaa naye jioni iliyotangulia, baada ya kutoka Kituku, anakohoa vibaya na amepelekwa kupimwa. Shuleni kwa Rosine, Édouard hakuwa amekanyaga tangu akutane na mtu yule. Lakini ninyi mnaijua Goma. Ukimwambia mmoja, kabla chai haijapoa kila mzazi wa Mapendo atasema mtu wa hygiène ameleta ugonjwa shuleni, na hakuna mtoto atakayerudi. Kwa hiyo alijifungia chumbani kwake, akameza maneno yake, akawa anaitazama picha ya Rosine kwenye simu na kuona uchungu wa kweli.

Mkesha wa kufungua shule, Rosine bado hakuwa na njia ya uji. Direkta alikuwa tayari amesema sufuria isiwashwe. Ndipo chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, ikasimama mbele ya nyumba yao imeelemewa. Mwenye chukudu, Védaste, alikuwa anatiririka jasho.

"Mwalimu Rosine ni nani? Naleta mawe."

"Mawe gani?"

"Mawe. Na ingine inakuja nyuma. Mutu mumoja mwenye miwani ananilipa, anasimama mbali na miye kama niko na upele. Anasema mwalimu ataelewa."

Majirani walitoka wote. Jiwe, Goma? Volkeno imetupa mawe mpaka tunajenga nayo, tunakalia, tunajikwaa, na huyu anayatuma kama zawadi.

"Benzako banatumiwa kitenge," Mama Pascasie akasema. "Weye unatumiwa mawe."

Rosine alikasirika mpaka akaokota moja alitupe. Lilikuwa limepakwa chokaa, jeupe pe, bapa upande wa juu, saizi ya makalio ya mtoto. Akabaki nalo mkononi. Akaiona tena Kituku akilini, foleni isiyokuwa na watu, kila jiwe na mwenyewe.

"Védaste," akasema, "usishushe. Tupeleke kwa masomo."

Walipanga mawe uwanjani mwa shule mpaka jua likageuka, hatua ndefu kati ya jiwe na jiwe. Direkta Edmond alikuja kukataza, akatazama, akavua koti akabeba na yeye. Rosine akapiga simu mikono ikiwa myeupe kwa chokaa.

"Mawe imefika salama," akasema.

Édouard akamwambia yote, la mwalimu wa Birere, la langoni, la mrija. "Leo banatoa majibu. Mwalimu hana Corona. Na miye sina kitu."

"Kwa nini haukuniambia?"

"Ningekuambia, ungefanya je?"

Rosine akafikiri. "Ningemuambia direkta."

"Na direkta?"

"Angefunga." Akajifuta machozi, chokaa ikabaki shavuni. "Nilikuambia maneno mabaya, mupenzi. Unisamehe. Nimekukosa sana."

"Na miye. Kesho nakuja. Washa sufuria."

Kesho yake watoto waliingia kwa kelele ambazo Mapendo ilikuwa imezisahau, wakanawa, kila mmoja na kikombe chake kutoka nyumbani. Saa ya uji ilipofika hakuna aliyesukuma mtu. Waliketi kila mmoja juu ya jiwe lake, wakajivuna nalo kama kiti cha chifu, na kina mama wakapita katikati wakimimina. Rosine alimwona Édouard langoni akiwa haoni kitu, miwani imelowa, na safari hii haikuwa ukungu wa pumzi.

Karibu naye alisimama Muzee Twagirimana na fimbo yake. Binti yake alikuwa amemweleza asubuhi, lakini muzee ni mtu wa kujionea. Alitazama mpaka vikombe vikaisha.

"Jumapili," akasema bila kumwangalia kijana, akaenda zake.

Jumapili hiyo Édouard alikumbatiwa mpaka mbavu zikalia. Kibuyu kikaletwa. Ndani yake kulikuwa na mirija miwili.

"Batoto bana kila mutu kikombe chake," Muzee akasema. "Na sisi kila mutu mrija wake."

Akajiandaa kuonja kwanza, kama desturi. Lakini Édouard alikuwa ameshainama. Akanywa yeye kabla ya mwenye nyumba, akanywa sana, akafuta midomo.

Mama Pascasie akashika kifua. Muzee akamtazama kijana.

"Haukuningoja nionje."

"Hapana, papa."

"Basi sema kile ulikuja kusema ile siku."

"Nakuja kuomba Rosine. Nampenda. Nataka awe bibi yangu."

Muzee akamgeukia binti yake, aliyesimama mlangoni na gauni lile la njano. "Weye unasema je?"

"Miye nakubali, papa," Rosine akasema kwa furaha. "Lakini aseme kwanza kama ule mzigo wa mawe ni mahari."

"Mawe ni ya batoto," Muzee akajibu, akivuta mrija wake. "Kwa miye ataleta ng'ombe."