Kioo cha Nane

Haya yalimpata mama yangu mdogo, na mimi nilikuwa naye. Nilipoacha shule nikiwa kidato cha pili, yeye ndiye aliyenichukua akanifundisha kazi yake ya kupaka rangi.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua zuri kabisa. Tulikuwa tumeitwa na mama mmoja anayeishi peke yake, tumpakie mlango mmoja tu, wa chumba cha mwisho kwenye korido. Mlango wa mbao, wenye vioo vinane. Ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. "Pakeni upande wa huku tu," alisema.

Tukapiga msasa, tukafuta vumbi.

"Mlango wa vioo ni kama kumnyoa mtoto," mama mdogo aliniambia. "Ukiwa na papara, unamkata."

Tulipoanza kubandika magazeti juu ya vioo ili visichafuke, mwenye nyumba akaja akasimama nyuma yetu.

"Wanangu, kimoja kiacheni wazi. Aliyemo ndani anapenda kuona nje."

"Hakuna shida, mama. Ni mgonjwa?"

Alirudi jikoni.

Tukafunika saba. Cha nane, cha chini kabisa, tukakiacha. Nilichungulia. Niliona ukuta tu.

Tukapaka mkono wa kwanza wa rangi. Mama mdogo alinitazama akacheka. "Wewe, rangi mpaka kwenye nyusi! Unapaka mlango au unajiremba?" Akachukua brashi, akaenda uani kuziosha.

Hapo ndipo nilipoona tone la rangi linateremka kuelekea kile kioo. Rangi juu ya kioo ni aibu ya fundi. Nikajiambia, nikifunike dakika mbili tu, tone likikauka nitakifunua. Nikabandika gazeti.

Korido ikawa kimya.

Kisha ukucha ukagonga kioo, kutoka ndani. Tik. Kioo cha juu. Tik. Kinachofuata. Ulikuwa unashuka, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta njia gizani. Ukafika cha nane. Haukugonga tena. Ukakwaruza.

Mama mdogo alikuwa amerudi. Sikumsikia.

"Umekifunika?" alinong'ona.

"Rangi ilikuwa inadondoka..."

"Kifunue."

Nikashika ncha ya gazeti. Kitasa kikazunguka chenyewe. Mlango ukafunguka.

Chumba kilikuwa kitupu. Hakuna kitanda, hakuna kiti. Sakafu ilijaa vumbi laini kama unga, bila alama ya unyayo hata moja. Baridi ikanipita shavuni. Magazeti yote yakapepea, yakielekea kwetu.

Mwenye nyumba alikuja mbio. Alitutazama mikono.

"Nani amekifunika cha mwisho?"

Nilifungua mdomo. Mama mdogo akanikanyaga mguu.

"Mimi," alisema.

Yule mama akashusha pumzi, kama mtu aliyetua mzigo kichwani. "Basi atakwenda na wewe. Nimekaa naye miaka kumi na moja." Na alikuwa anatabasamu.

Tuliacha brashi, ndoo, kila kitu. Njiani nikamuuliza mama mdogo kwa nini amesema uongo.

"Nyamaza. Wewe bado mtoto. Kama kuna kitu kinamfuata mtu, kinifuate mimi."

Tangu siku hiyo alihamia kulala sebuleni, mbali na mimi. Usiku alikaa macho, akikisubiri. Asubuhi nilimkuta kwenye kiti, macho mekundu. "Umesikia kitu?" namuuliza. "Sijasikia," anajibu. Siku ya kwanza hivyo. Ya pili hivyo. Hadi wiki ikaisha, na jana nikamsikia akicheka tena.

Leo asubuhi alikuja kuniamsha, akasimama mlangoni kwangu. Mlango wangu ni ubao mtupu, hauna kioo. Lakini kulikuwa na mraba katikati yake, ukubwa wa daftari. Mishipa ya mbao ilikuwa imefutika pale. Nikaugusa. Laini kama kioo. Baridi. Mama mdogo akachukua msasa mwingine wa pale nyumbani, akausugua ule mraba mpaka vidole vikatoka damu. Haukupata hata mkwaruzo.

Akautupa msasa. Akanishika mabega, akanisimamisha mbele ya mlango, akautazama mraba, akanitazama mimi. Kisha akaanza kulia.

Ulikuwa usawa wa macho yangu, si yake.