Kuizika Mashine Namba Mbili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Alhamisi moja ya Novemba, mvuke ulikuwa bado unatoka juu ya paa la Mashine Namba Mbili. Kauko aliutazama kupitia dirisha la stoo ya vipuri, akatukana chinichini, akavuta pazia.

"Utakwisha," alisema. "Tumezima alfajiri. Silinda za kukaushia karatasi nazimwagia maji baridi. Mpaka saa tano mtu anaweza kuzilalia."

"Mkaguzi anafika saa nne," alisema Stenvall.

"Basi mpe kahawa. Akimaliza, mpe nyingine."

Walikuwa watatu. Kauko, meneja wa kiwanda cha karatasi cha Koivukoski, mzaliwa wa hapo hapo. Rurik Stenvall, mkuu wa fedha, aliyekuwa akija na treni kutoka mji mkuu, Helsinki, kila Jumatatu na kuondoka Ijumaa. Na Irja Rautio, mhasibu, aliyeichora kazi yote.

Kazi haikuhitaji bunduki. Vitabuni mashine ilikuwa na thamani ya euro milioni kumi na tisa. Lakini kanuni za uhasibu haziruhusu mali ibaki na thamani kubwa kuliko fedha itakayoingiza. Mashine isiyo na oda, iliyolala tangu Septemba, lazima ishushwe thamani. Irja alikuwa ameishusha mpaka bei ya chuma chakavu. Jina la karatasi zake, Rantahelmi, lililokuwa kwenye madaftari ya watoto wa nusu ya nchi, alilishusha mpaka sifuri. Mkaguzi akiridhika, bodi ingeuza vyote kwa bei hiyo kwa kampuni moja ya Tallinn, ng'ambo ya bahari. Kampuni ilikuwa ya shemeji yake Stenvall.

Oda zilikuwepo. Stenvall alizielekeza kwa kampuni hiyo ya Tallinn, na mashine ikazitengeneza usiku. Wafanyakazi waliambiwa ni majaribio.

"Nasema mara ya mwisho," alisema Stenvall. "Irja, ukiulizwa usichokijua, sema hujui. Ukiulizwa unachokijua, nyamaza. Nitajibu mimi."

"Na wewe utakuwa pembeni yangu siku nzima?"

"Kama kivuli."

Kauko alicheka. "Kivuli Novemba, bosi? Hapa jua tutaliona Machi."

Stenvall hakucheka. Irja naye hakucheka. Alikuwa ameahidiwa kiti cha Stenvall mwenyewe, na kwa wiki tatu hakuwa amelala vizuri.

Saa tano na nusu, Helka Mannermaa, mkaguzi wa hesabu, alivua glovu na kugusa silinda ya kwanza. Kisha ya pili. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini, asiyeharakishwa na mtu.

"Baridi," alisema.

"Kama kaburi," alisema Stenvall.

Helka aliuliza kuhusu wateja. Stenvall akajibu. Akauliza kuhusu makadirio ya miaka mitano. Stenvall akajibu tena. Irja alitazama viatu vyake.

Saa sita walikula kantini. Ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo, kama kila Alhamisi, ilikuwa supu ya njegere. Ensio, mdogo wake Irja, fundi wa zamu ya usiku, alikuwa kwenye foleni akimiminia supu yake haradali. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Dada," alinong'ona, "usijali, hatusemi kitu. Kauko katuambia mgeni asisikie habari za majaribio mpaka mambo yawe tayari. Inarudi, siyo? Namba Mbili inarudi?"

"Kula, Ensio. Supu inapoa."

"Wewe huwezi kusema, najua. Lakini nimemwambia mke wangu tusihamie Tampere. Watoto wamefurahi mpaka mbwa kaingiwa na wazimu."

Stenvall alikohoa nyuma yao. Irja alibeba trei yake na kwenda. Hakumeza hata kijiko kimoja.

Saa tisa alasiri giza la Novemba lilikuwa limeshaingia na kazi ilikuwa imekwisha. Helka alifunga mkoba. Alisema haoni sababu ya kupinga hesabu. Angetia sahihi kabla ya treni ya jioni. Stenvall alimpa mkono. Hapo ndipo Kauko aliposema jambo ambalo humwambia kila mgeni.

"Sauna, bafu letu la mvuke, iko tayari. Hakuna anayeondoka Koivukoski bila kuoga. Kinamama kwanza."

Stenvall alimtazama Irja. Kukataa kungekuwa ajabu. Kuingia nao kungekuwa ajabu zaidi. Kivuli kilibaki nje ya mlango, na kikombe cha kahawa mkononi.

Katika chumba cha kuogea Irja alivua soksi, akaweka mguu wa kwanza chini. Akaganda.

Sakafu ilikuwa na joto.

Kauko alikuwa ameikanyaga ikiwa na joto miaka ishirini. Kwake ilikuwa sakafu tu. Stenvall hakuwahi kuikanyaga kabisa.

Helka alisimama katikati ya vigae, akakunja vidole vya miguu.

"Raha kweli. Ni umeme?"

Neno moja lilitosha. Ndiyo. Irja alilifungulia mdomo.

"Maji yanatosha, akina mama?" alipiga kelele Kauko kutoka nje.

"Yanatosha!" alijibu Helka. Kisha akamgeukia Irja. "Nimekuuliza tu, bibie. Mbona umebadilika rangi?"

"Siyo umeme," alisema Irja. "Ni maji yanayorudi kutoka Namba Mbili. Kuna tangi huku chini. Linakaa na moto kutwa nzima hata mashine ikizimwa."

"Namba Mbili imezimwa tangu Septemba."

"Imezimwa leo alfajiri."

Maji yalidondoka kwenye ndoo.

"Kama nisingeuliza, ungeniambia?"

"Hapana," alisema Irja. "Ningekusindikiza stesheni."

Helka alivaa bila kujikausha. Irja alimfuata, viatu mkononi. Stenvall alipowaona wakitoka mapema hivyo, tabasamu lilianza usoni mwake, halafu likakosa pa kwenda.

"Joto limewashinda?"

"Ufunguo wa chini uko wapi?" aliuliza Helka.

"Irja?" alisema Stenvall. "Irja, umesema nini?"

Irja alichukua ufunguo kwenye msumari, akafungua mlango, akawasha taa. Ngazi zilishuka mpaka kwenye tangi. Bomba nene liliingia ukutani, na juu yake mtu alikuwa amepaka rangi nyeupe tarakimu 2.

Helka aliweka kiganja juu ya bomba, akakitoa haraka.