Kifungo cha Katikati

Jua lilikuwa linashuka nilipovuka Lualaba kwenda Alunguli kumchukua Muzee Okito, mpiga gitaa, na ampli yake, sanduku la kukuzia sauti. Françoise alitaka gitaa la zamani katika wimbo wa kumkumbuka mdogo wake Jérémie, aliyekamatwa miaka ya vita na asionekane tena. Mama yao bado alikuwa anamwekea sahani.

Studio yangu ni chumba kimoja karibu na bandari. Okito alikaa, akapiga. Vidole havikuwa vimezeeka, lakini sauti... Nzito ilikuwepo chini, nyembamba ilikuwepo juu, na katikati hapakuwa na kitu. Kama nyumba yenye msingi na paa, isiyo na kuta. Nilijaribu kuipandisha sauti ya kati kwenye mashine. Wapi. Kilichokatwa kwenye ampli hakirudishwi na mashine.

Nikainama kwenye ampli. Kifungo cha katikati kilikuwa kwenye sifuri.

"Muzee, nipandishe hii kidogo. Gitaa itapotea chini ya sauti ya Françoise."

"Acha ipotee."

"Muzee, iko bibi ya pili mule ndani?" Françoise akamtania.

Okito hakucheka. Alitusimulia huku akiangalia nyuzi. Wakati wa vita, treni ilipokuwa haifiki tena, watu wenye bunduki walimweka kwenye baraza ya nyumba moja nyuma ya stesheni. Kila jioni alipiga kwa nguvu, ili majirani wasisikie vilio vya waliofungiwa ndani.

"Sauti ya muntu inakaa katikati," alisema. "Njo pale nilipandisha. Gitaa ikawafunika. Tangu wakati ule, nikifungua pale, niko nawasikia."

Sikumhukumu. Sijui mimi ningepiga nini, na bunduki mgongoni.

Françoise alikuwa ameacha kucheka. Mkono wake ulishafika kwenye kifungo.

"Mama, hapana," Okito akanong'ona.

Françoise akakizungusha.

Kwanza mvumo. Kisha harufu: udongo mbichi, mafuta ya taa. Okito alikuwa ameinua mikono yote miwili. Hakuna aliyekuwa anapiga. Ndani ya ampli kulikuwa na pumzi... pumzi za watu wengi, wamebanana. Kisha mmoja wao, wazi kabisa, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa:

"Yaya Françoise."

Kwetu kila mtoto anafundishwa: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Aliye hai ataita tena. Mfu huita mara moja, na anayemwitikia humfuata.

"Mungoje," Françoise akasema. "Ataita tena. Mungoje tu."

Tukangoja. Jenereta ilinguruma nje. Ampli ilipumua.

Haikuita.

"Basi, njo hivi," akasema polepole. Na kabla hatujamshika alikuwa amepiga magoti, midomo kwenye kitambaa cha ampli.

"Niko, Jérémie. Niko hapa."

Pumzi zote zikakatika.

Aliinuka, akatutazama kama anayejaribu kukumbuka majina yetu. "Turekodi," akasema. Akaimba, wala hakukosea popote. Niliposikiliza baadaye, sauti yake ilikuwa nzito chini, nyembamba juu. Katikati hapakuwa na kitu.

Okito alivuka mto bila ampli yake. Hajaifuata mpaka leo.

Wiki iliyopita mama yake Françoise aliniita kwake. Alisogeza kiti karibu na changu.

"Mwanangu, Françoise anapika, anafua, anaenda misa. Lakini akiniita, ananiita mara moja tu. Nikinyamaza, haiti tena."

"Na wewe, mama, unamwitikia?"

"Sijaitika hata siku moja."

Akatazama meza. Juu yake kulikuwa na sahani ya Jérémie, imefunikwa. Kando yake, sahani ya pili, imefunikwa pia.

"Lakini nimechoka, mwanangu. Jérémie nilimngoja miaka yote hii. Nilipata nini?"

Nikaaga, na nilikuwa mlangoni sauti ilipotoka jikoni, nyembamba, tupu.

"Mama."

Nikasimama. Kuku walinyamaza uani. Nikaomba iite tena... hata kwa kunong'ona.

Nyuma yangu kiti kikasukumwa.

"Niko," mama akasema.